Mashini ya Vilima vya Kanzenze

Gisenyi, Alhamisi, Julai 1999

Tena leo! Shefu wa ofisi yetu ya kilimo anataka nichague mashini ya kuvuna ngano kule Kanzenze. Kwenye kitabu chake cha picha za mashini iko mbili za milimani. Moja inajisawazisha kushoto na kuume tu; ingine hata mbele na nyuma, ngano isimwagike. Donc, basi, wiki nzima ofisi inabishana: pande mbili ao pande ine?

Mi nimechoka. Nikapanda Kanzenze, nikamukuta Mama Verediana, mulimaji wa kule, anakata ngano yake na mundu. Nikamuonyesha picha ya mashini.

“Ni muzuri. Lakini itageukia wapi, mwana wangu?”

Nikaangalia. Shamba hatua saba, kisha nyumba yake.

Kesho shefu akiuliza, nitamujibu: ile yenye itageuka bila kubomoa nyumba ya mutu.