Kofia ya Idrisi

Baba,

Nimefika Johannesburg umeshazikwa. Papa Didier, yule Mkongo uliyepanga naye chumba mtaa wa Berea, aliponipigia simu nilimwambia amekosea namba. Baba yangu yuko Misri, nikasema, anapiga picha mahekalu ya kale. Kisha akasema, "Dada, papa yako hajatoka hapa miaka yote hii."

Leo kanipeleka mkahawa mmoja wa Fordsburg tule. Nimeketi, nikainua macho, na ukutani nikamwona Idrisi. Idrisi wetu, Baba! Mkubwa kama mlango, kanzu ileile, kaegemea nguzo ileile ya hekalu lililobomoka. Picha uliyotutumia Tabora nikiwa darasa la nne, ukasema umeipiga mwenyewe, na huyo ni rafiki yako mlinzi wa magofu, anatusalimu.

Mwenye mkahawa kanieleza bila kujua ananichoma. Picha hizo ni za wasafiri wa zamani sana, waliowabebesha punda kamera na vioo vya kupigia picha. Yule mtu walimsimamisha pale ili urefu wa nguzo uonekane, basi. Jina lake hakuna anayelijua. Alikufa kabla bibi yangu hajazaliwa. "Mzee wa duka la kuprinti ndiye alinitolea hiyo," akasema. "Eish, mzee sharp sana." Mzee huyo ni wewe; Papa Didier kasema hapo dukani ndipo ulipofanya kazi miaka yote.

Umenidanganya, Baba. Mimi niache. Mama je? Sebule imejaa picha zako, kila mgeni lazima aoneshwe. Ndugu zake walipomwambia adai talaka, aliwajibu mume wangu yuko kazini. Amezeeka akijibu hivyo. Ungesema tu uko Joburg unatoa kopi, angekuja! Angekupikia hapo hapo Berea.

Na mimi nilimdarizia Idrisi kofia. Likizo nzima, vidole vyote vimechomwa sindano. Ukatuma mtu aichukue, kisha ukatuambia imemkaa vizuri mno. Papa Didier anasema, "Ile kofia, kila Ijumaa alikuwa anaivaa." Nimeikuta juu ya kitanda chako, ina alama ya jasho.

Wanasema marehemu hasemwi. Sawa, mitaani sitakusema. Lakini nakuahidi, nikifika nyumbani nitamwambia Mama yote, hata kama atazishusha picha zote ukutani.

Dua nimekuombea kaburini, haki yako hiyo sikukunyima. Lala, Baba.

Kofia naondoka nayo. Sikukudarizia wewe.

Zuhura