Wiski ya Mjomba Sylvanus

Mama, shikamoo. Ndizi nimemenya, ziko kwenye maji. Viti vya jirani vimeshaletwa.

Abdiel alipiga simu asubuhi. Ametua KIA salama, lakini hana ile wiski ya mjomba. Aliinunua Dubai, kwenye duka la uwanjani lisilotoza ushuru, wakaifunga kwenye mfuko wao. Alipobadilisha ndege, wakaguzi wakaona mfuko umefunguliwa. Wakasema ukishafunguliwa chupa haipandi ndege, wakaitupa.

Aliufungua kwa sababu yangu. Nilimwambia aandike jina la mjomba kwenye chupa, ili ndugu wengine wasiigombanie. Abdiel akanitania, “Basi pipa la taka ndilo limepokea posa.” Sikucheka, wala sikulia.

Mjomba alishasema bila chupa hiyo hakai kwenye kikao cha leo cha posa yangu. Mdogo wangu Brightness asimpigie simu. Nimepanda Nkoaranga, nyumbani kwake, kumwambia mwenyewe kwamba kosa ni langu. Najua sijawahi kusema chochote mbele yake zaidi ya shikamoo.

~~Mwambieni Abdiel asije.~~

Abdiel aje saa kumi kama tulivyopanga. Ndizi zipikeni.

Binti yako