Shati la Baba

Kaka yangu,

Huku tunaendelea vizuri, ila joto la mwezi huu halisemeki. Jana nilikuwa nafua shati la Baba la kazini, nikakumbuka tulivyokuwa tukigombania kumpelekea maji pale tanurini. Alikuwa akiopoa mikate huku jasho linamchuruzika, na shati likikauka linabaki na michirizi myeupe ya chumvi. Mama alizoea kumtania, "Hilo shati nikilitia mchuzini, chumvi sinunui." Naye Baba hujibu, "Jasho ndilo linalonipoza. Siku likikoma, nimekwisha."

Jumanne mchana lilikoma. Nilimkuta amekaa sakafuni karibu na tanuri, ngozi kavu, inaunguza kama bati lililoanikwa juani, na maneno yake hayaeleweki. Nilimkokota hadi kivulini, nikammwagia maji na kumpepea kwa kipande cha boksi mpaka gari la wagonjwa likafika. Muuguzi aliniambia, "Mwili wa mzee unachelewa kutoa jasho, na hata kiu haimjii mapema. Msingoje aombe maji."

Sasa yuko nyumbani na anakula. Tanuri nimelizima, naye hajaniuliza kitu, jambo ambalo si kawaida yake.

Sikuandikii ili uache kazi yako. Ila siku ile, pale kivulini, alinishika mkono akaniita kwa jina lako. Akasema, "Umechelewa, lakini umekuja."

Nikaitika.

Ni mimi, mdogo wako.