Nimefua Tope la Nahodha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi kwa sababu nimefua jezi ya mume wangu, na najua utasema kufua si dhambi, lakini ngoja nikueleze hii ni jezi gani. Mwaka 1984 timu yetu ndogo ya Craghope iliifunga timu kubwa kwenye kombe, mashabiki tukavamia uwanja, na nahodha wetu Dougie Harle, aliyekuwa ametapakaa tope mwili mzima, akamkumbatia mume wangu Neville, likabaki doa kubwa kifuani, na tangu siku hiyo jezi haijagusa maji, inalala kwenye foronya ya hariri pamoja na vifuko vya lavenda, wakati gauni langu la harusi liko darini ndani ya mfuko wa taka, chini ya taa za Krismasi. Nakiri nilikuwa na wivu.

Basi wiki tatu zilizopita Neville alienda kwa daktari wa meno, nikasema leo ni leo, nikaitia jezi kwenye beseni nikidhani nitasugua kwapa tu, maana lile kwapa lilikuwa halivumiliki, lakini kabla sijasugua hata mara moja tope lote likaachia, nikabaki nimeshika jezi safi kama imetoka dukani leo. Nikakimbilia bustani ya jirani yetu Wilf, bingwa wa mashindano ya liki, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu, anayelinda udongo wake kuliko anavyomlinda mkewe, nikachota konzi moja kwenye tuta lake, nikalipaka kifuani nikifuata picha ya siku ile, nikaikausha juujuu kwa mashine ya nywele, nikairudisha kwenye foronya.

Mshauri, limeota. Juzi Neville alifungua foronya tukakuta jani jembamba la kijani limesimama pale penye moyo, naye akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Hizi ni nyasi za uwanjani, mke wangu. Zilikuwa zimelala miaka arobaini." Sasa anazimwagilia kwa kijiko cha chai. Jana Wilf alikuja, akainama, akanusa, akasema, "Neville, mzee mwenzangu, mbona nyasi zako zinanukia supu?" Na Jumamosi klabu inafanya maonyesho ya jezi za zamani, Dougie Harle mwenyewe anakuja kuliona tope lake. Mume wangu atachekwa hadi kaburini, na siku ile ndiyo fahari pekee aliyonayo. Niseme ukweli, au ning'oe liki ninyamaze?

Mwenye Mikono Safi, Craghope

*

Mwenye Mikono Safi, nilikuonea huruma mpaka nilipofika kwenye udongo wa Wilf, hapo huruma ikakata. Mtu mzima unaiba udongo wa bingwa mashindano ya liki yakikaribia? Huku kwetu kaskazini watu wamenuniana hadi mazishini kwa kosa dogo kuliko hilo.

Na nani alikutuma kuielekezea jezi ya 1984 mashine ya nywele? Kitambaa kile kikiona joto kinajikunja, na namba ya mgongoni inabanduka. Siku nyingine igeuze ndani nje, maji baridi, sabuni ya maji kidogo, wala usiikamue. Ikunje kwenye taulo inyonywe maji, kisha ilaze kivulini. Pasi isiisogelee. Na usihifadhi nguo mbichi, umeona mwenyewe kinachomea.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimefua jezi za waume wawili na wana wanne. Tope la miaka arobaini halitoki. Hata ukilisugua mpaka vidole vichubuke, litaacha kivuli cha rangi ya kutu. Lako limeachia kabla hujalishika. Sibishi kwamba Dougie alimkumbatia mumeo. Nasema kuna mtu aliyewahi kuifua jezi hiyo kabla yako, akaingiwa na hofu kama yako, akaipaka tope jipya, na nyumbani mko wawili tu. Aliyeona muujiza hupiga kelele mtaa mzima usikie. Wako alinyamaza, akajiuliza tope alilolipaka yeye limepata wapi mbegu.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Leo hii pika chai, weka jezi mezani, mwambie, "Neville, niliifua." Ukishasema hivyo, funga mdomo. Hata chai ikipoa, usiongeze neno. Ataanza yeye, na nakuhakikishia utasikia habari za zamani kuliko zako. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwenu ina waongo wawili, hamkosi kugongana.

Wilf mrudishie udongo wake na hicho kiliki kikiwa hai, umwombe radhi mlangoni, ukiwa umesimama mbali kidogo.

Jumamosi Neville aivae jezi ikiwa safi. Mvua haitakosekana, uwanja utakuwa tope, na Dougie bado ana mikono. Mwambieni apige magoti kwanza topeni pale golini, aichafue mikono hiyo, kisha amkumbatie tena.

Wewe panda darini ukalitoe gauni lako. Foronya ya hariri sasa iko wazi.