Shukrani Uliyoitoa Kabla Sijapona

Baba Neema uliyeko Mikumi,

Nilitaka kuanza na "mpendwa", mkono ukagoma. Usishangae. Tangu nilipokatwa ziwa na kupigwa mionzi, mkono huu wa kulia umevimba kama muhogo wa bondeni, na mambo mengi unajiamulia wenyewe.

Unaikumbuka ile Jumapili ya shukrani, pale kanisani kwetu, hapa kijijini Ulaya? Ulinisimamisha mbele, ukatangaza, "Saratani imekwisha! Mke wangu mzima!" Vigelegele. Watu wakala pilau, nami nikala ileile, kwangu ina ladha ya msumari. Daktari alisema matibabu yamekwisha. Hakusema maumivu yamekwisha. Wewe ulisikia nusu, ukachinja mbuzi mzima.

Kuanzia hapo kuumwa kukawa marufuku nyumbani. Nikisema nyayo zina ganzi, unanijibu, "Shukrani tumeshatoa, mama Neema. Unataka Mungu aonekane mwongo?" Siku ile nilirudi kutoka gulioni na kandambili moja, nyingine imechomoka njiani, mguu haukunipa taarifa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nami nilicheka, siwezi kukataa. Kisha ukanipa jembe.

Na chumvi je? Ulimi hauonji, nakadiria tu. "Hii ni ya watu au ya ng'ombe?" ukauliza. Nikakwambia ng'ombe halalamiki. Wewe mtoto wa wafugaji ungejua.

Palizi ikanishinda, mkono ukajaa hadi vidoleni. Ukasema mbele ya majirani, "Siku hizi uvivu una cheti cha hospitali." Wiki haikuisha ukaenda Mikumi kutafuta kibarua. Kibarua chenyewe nasikia kinavaa kanga, kinakaanga chipsi kando ya barabara ya malori, na kimeshakuchoka.

Jana mama yako alikuja. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Mume wako anarudi mvua zikianza. Anauliza kama sasa umepona kweli, alime na mtu."

Alime na mtu! Nikataka kuinuka nimjibu, miguu ikakataa. Akanishika mkono anivute, nikapiga kelele. Akapandisha mkono wa gauni langu, akautazama ule uvimbe kwa muda mrefu. "Aliniambia unajifanya," akasema taratibu.

Basi jibu ni hili. Sijapona, na huenda hali hii ndiyo nitakayoishi nayo. Nimeshaizoea kuliko nilivyokuzoea wewe. Shamba analima jirani, tutagawana mavuno. Usirudi.

Ukidhani ni maneno ya hasira tu, njoo ujaribu. Nguvu za kukufukuza sina, kweli. Ila mama yako hajaondoka tangu jana. Amehamishia kitanda chake sebuleni kwangu, karibu na mlango, na anasema mvua zikianza atakupokea mwenyewe.

Kaa huko.

Mimi,
aliyekuwa mke wako