Jiwe la Dirishani

Salamabila, Jumapili

Yaya Furaha, dada yangu mukubwa, jambo kwako na kwa watoto wote. Niko muzima, ila huku mvua haijui kupumzika.

Jana ilinikimbiza mpaka kwa mama muzee mumoja. Anaokota mawe ya rangi ya majani yenye wachimbaji wa dhahabu wanatupa, anayatoboa, anayasugua na maji na muchanga mpaka yanakuwa shanga. Jiwe likikauka, ni kijivu tu. Likiloa, ni jani la muhogo lenyewe!

Nikamuambia mama yetu alizaliwa huku, na mimi na wewe tulivaa mawe kama yale utotoni. Mama alikuwa na la tatu, lenye linazuia dirisha lisijifunge pale nyumbani Kasongo; shimo lake liliishia katikati. Nikacheka: "Mama alichoka kutoboa."

Yeye hakucheka. "Hapana, mwanangu. Kwetu mwanamuke akibeba mimba, anaanza kutoboa jiwe la mutoto. Mutoto akizaliwa, mama yake anamalizia. Mutoto asipofika, shimo linabaki vile."

Yaya, mama hakutuambia hata neno. Na ni yeye mwenyewe aliliweka pale dirishani, akawa analipangusa kila asubuhi na kitambaa chenye maji, sisi tukisema anapenda usafi kupita kiasi.

Usilitoe. Lipanguse tu na maji asubuhi, kama yeye.

Nakukumbatia sana. Ni mimi, mutoto wa pili wa mama, ao wa tatu, sijui tena,

Riziki