Mshale Uliolala Kwenye Nyekundu

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mdomo umezoea na mkono nao umefuata. Nakuandikia nikiwa ndani ya Landrova yako, upande wa dereva, imesimama palepale ulipozoea kuiegesha, kando ya migomba. Mikono yangu bado ina grisi. Ungeniona ungecheka, ukasema, "Mama, nenda kaoge, mumeo atakimbia." Uliniita Mama tangu nizaliwe kwa sababu nilirithi jina la bibi, na tangu uondoke hakuna mwingine anayeniita hivyo. Nimelikosa jina hilo kuliko nilivyodhani.

Habari ni nyingi, ila ya leo ni ya gari. Baba, lilibaki kidogo tu liuzwe likatwe vipande.

Ilianza tulipojiandaa kujengea kaburi lako. Kaka Deo alisema haiwezekani wageni wa baba wafike na gari la baba limebabuka vile uani. Unamjua Deo, hajawahi kushika spana kwa hiari yake. Safari hii alinunua rangi, akavua shati, akaipaka Landrova yote kijani kwa brashi, nje na ndani. Dashibodi aliifungua, akatoa geji na kila kilichofungwa pale, akapaka bati mbele na nyuma, hadi kwenye kona ambazo hakuna jicho linalofika, kisha akarudisha vyote mahali pake. Wageni kutoka Rulenge walisifia sana. Mama alilia alipoiona. Kusema kweli ilipendeza.

Wiki iliyofuata nikapakia ndizi na maharage ya majirani, kama ulivyokuwa ukifanya, nikatoka Kirushya kwenda sokoni. Kabla sijamaliza mlima wa kwanza, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu, ukalala huko. Nikazima injini. Niliona nimeua gari lako katika safari yangu ya kwanza bila wewe. Ndizi za watu zikahamishiwa kwenye bodaboda, nami nikasubiri ipoe, nikarudi nyumbani kwa mwendo wa kuvizia.

Tukamwita rafiki yako Mzee Masanja, yule Msukuma wa Bisibo mliyekuwa mkibishana naye kila mkikutana nani anajua injini zaidi. Alikuja na pikipiki yake siku hiyohiyo. Akakagua maji, yamejaa. Feni inazunguka. Akabadilisha sensa ya joto iliyo kwenye injini, mshale ukarudi nyekundu. Akasema basi geji ndiyo imekufa, akaleta nyingine aliyoitoa kwenye gari bovu. Tukawasha, haikupita muda nayo ikapanda kulekule. Hapo mzee wa watu akavua kofia. "Mwanangu, geji mbili haziwezi kusema uongo mmoja," akaniambia. "Injini inachemsha. Hii hedi hapa juu yake imepasuka."

Baba mdogo hakungoja asikie zaidi. Alisema gari la umri ule lenye hedi iliyopasuka ni chuma tu, akampata mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Biharamulo, wakakubaliana aje Jumamosi. Simlaumu sana. Kila akiliona uani anakukumbuka, na akikukumbuka anakuwa mkali. Tangu tukuzike Mama hakupanda gari hilo, hata mlango hakuugusa. Kliniki ya miguu yake alikuwa anakwenda kwa bodaboda, ameng'ang'ania mgongo wa kijana wa watu, na akirudi halali kwa maumivu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Gari likiondoka, nani angemnunulia Mama jingine? Angebaki na bodaboda mpaka mwisho wake.

Ijumaa asubuhi nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwenye gari peke yangu, na wewe ukanijia akilini wazi kabisa. Nilikuwa bado shule ya msingi, uliponikalisha juu ya madigadi na shangazi zangu wakapiga kelele, msichana na injini wapi na wapi. Ukawajibu, "Mwacheni, anajifunza kusikiliza." Halafu ukachovya vidole kwenye kikombe cha maji, ukadondosha matone kwenye hedi. Yakiruka na kupotea hapohapo, injini imezidiwa. Yakitulia na kukauka polepole, haina neno. Mimi nilikuwa na haraka ya kutazama mshale. "Buhoro, Mama, polepole," ulisema. "Kwanza muulize mgonjwa mwenyewe."

Basi nikamuuliza. Niliwasha, nikaiacha ingurume mpaka mshale ukalala kwenye nyekundu, nikafungua boneti. Hakuna mvuke. Nikashika bomba la juu la rejeta, ambayo wewe uliiita lejeta mpaka unakata roho, na sisi tukakuiga kwa kukuchokoza. Lilikuwa la moto, lakini moto wa siku zote. Nikadondosha maji kwenye hedi. Yakatandaa, yakatulia, yakakauka kwa raha zake. Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

Lakini ningemwambia nini Baba mdogo? Kwamba geji mbili ni waongo na matone ya maji ndiyo yanasema kweli? Angesema huzuni imenipanda kichwani. Nikarudi kukaa kwenye kiti, nikaitazama dashibodi. Kando ya geji ya joto ipo geji ya mafuta, lakini sisi watoto wako hatuijui sura yake, kwa sababu uliibandika picha ya Bikira Maria usoni. Hukuiamini. Mafuta ulipima kwa fimbo, ile uliyoitia alama kwa kisu, na huku kwetu mwenye gari la zamani asiye na fimbo yake ni nani? Deo aliitoa geji na picha yake, akairudisha na picha yake. Mzee Masanja, ambaye si wa kanisa letu, naye aliipita kwa adabu. Hakuna aliyethubutu kubandua kitu ulichobandika wewe.

Nikasali kidogo, nikaomba radhi, nikaibandua. Baba, mshale wa mafuta ulikuwa umevuka hata alama ya tangi kujaa! Nikakimbilia fimbo, nikaichovya. Mafuta yalikuwa chini kabisa, yalilowesha ncha tu.

Nilisimama pale na fimbo mkononi nikapiga hesabu. Moja inapima joto, nyingine mafuta, na zote mbili zinatia chumvi. Basi kosa haliko kwenye injini wala kwenye geji. Liko kwa anayezilisha zote mbili. Ulinionyesha zamani kile kidude cha bati nyuma ya dashibodi, kinachopunguza umeme wa betri kabla haujafika kwenye geji. "Huyu ndiye mama ntilie wao," ulisema. "Akikosea kipimo, wateja wote wanavimbiwa." Nilicheka wakati ule bila kujua unaniwekea akiba. Ulisema pia kwamba skrubu yake lazima iguse bati tupu la gari, la sivyo kidude hakipunguzi chochote.

Nikaifungua dashibodi. Skrubu ilikuwa imekazwa vizuri kabisa, juu ya rangi ya Deo. Rangi nene, safi, ya kijani. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakwangua mahali padogo kama kifungo cha shati mpaka bati likang'aa, nikaikaza upya. Nikawasha. Mshale wa mafuta ukashuka chini ulikostahili. Wa joto ukapanda kwa hatua zake, ukafika katikati, ukasimama. Nikaungoja sana. Haukusogea. Picha nimeibandika pembeni, karibu na kioo, na nadhani hapo anaona barabara vizuri zaidi.

Deo nilipomwonyesha alikaa chini kwenye majani makavu ya migomba, akashika kichwa. "Yaani ni mimi!" Nikamwambia ndiyo, ni wewe, na nilikuwa nacheka huku nalia. Alipaka hadi nyuma kusikoonekana kwa sababu alitaka kukufanyia kitu bila kulipua kazi, Baba. Ungemtania mwaka mzima, kisha ungemshukuru, nami nimefanya yote mawili kwa niaba yako. Mzee Masanja nilimpigia simu. Alicheka mpaka akakohoa, akasema ungekuwepo ungemwimbia hadi Bisibo.

Jumamosi mnunuzi akafika na lori lake. Nilikuwa nimeshaongeza mafuta na kuwasha Landrova uani. Baba mdogo nilikuwa nimemweleza kila kitu, lakini alisema ahadi ni ahadi, na geji ikitulia ikiwa imesimama haimaanishi itatulia mlimani. Tukiwa tunabishana hivyo, Mama akatoka ndani. Alikuwa amevaa kile kitenge cha safari. Alitembea polepole na miguu yake, akafungua mlango wa kushoto mwenyewe, akapanda, akaubamiza kwa nguvu kama unavyotaka kubamizwa. "Twende," akasema. "Nataka kuuona huo mlima."

Tukaenda. Njia nzima hakutazama barabara wala watu waliompungia mkono. Alitazama mshale. Tulipanda gia ya pili, mahali pengine ya kwanza, vumbi linaingia madirishani, na mshale umesimama katikati. Tulipofika juu aliweka kiganja kwenye dashibodi, juu ya rangi ya Deo, akasema kwa sauti ndogo, "Asante, Baba Deo." Hilo ndilo neno la kwanza kukwambia tangu siku ya mazishi. Nililisikia, nikashindwa kuendesha kwa muda.

Tuliporudi, Baba mdogo alitutazama tukishuka, mimi kwanza, kisha Mama. Akamgeukia yule mtu wa Biharamulo. "Tusamehe, ndugu yangu. Gari lina mwenyewe."

Asante, Baba. Asante kwa madigadi, kwa matone ya maji, kwa kuwapuuza shangazi. Asante kwa kuamini kwamba msichana anaweza kusikiliza injini. Mimi nilidhani unapoteza muda nami tu, kumbe ulikuwa unamwachia Mama mtu wa kumpeleka kliniki.

Sasa pumzika. Rangi hii ikichakaa tutapaka nyingine, Deo ameshasema ni kazi yake, na mimi nitasimama pembeni yake nimeziba pale penye bati tupu kwa kidole. Na nakuahidi, maadamu mikono hii ipo, Mama hatashika tena mgongo wa mtu wa bodaboda.

Binti yako